Mnunuzi Haigusi Nguo Anayoitaka

Salamu kwenu, wa msikitini na wa misa, na wewe uliyekuja kwa sababu ulisikia kuna chai. Mwenyekiti alitaka kunipa dakika ishirini. Niliomba arobaini, tukapatana kwenye ishirini na tano, basi mjue kwamba nilitaka ishirini na tano tangu mwanzo. Nimewahesabu pia. Mko arobaini na mmoja. Nimerudia, mko arobaini na mmoja, na mmoja amesinzia.

Katika ikimina chetu hiki, kila tukikutana kuweka akiba, mmoja husimama akaeleza alivyoanguka na alivyoinuliwa. Zamu yangu nimeikwepa mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nina mafua, mara ya pili nikasema nina mgeni. Leo nimekosa uongo wa tatu. Sitamtaja mtu kwa jina. Aliyenisaidia zaidi yuko humu ndani na ameshaanza kunikazia macho, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Wengi mnakijua kibanda changu pale soko la Kimironko, upande wa mafundi cherehani. Ninauza vitabu vilivyokwisha kusomwa. Wateja wangu ni wanafunzi, walimu, na wale mabwana na mabibi wa Kiyovu ambao hawashuki kwenye gari, wanamtuma dereva. Ninasoma ninachokiuza, maana huwezi kupigania bei ya kitu usichokijua. Hilo lilinitosha miaka mingi. Lingeendelea kunitosha, leo nisingekuwa nimesimama hapa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kifaransa, mteja wangu wa siku nyingi, ndiye aliyeniambia habari za ile tuzo. Mnaisikia redioni. Kila mwaka, mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, saa saba ya mchana kwa saa zetu, huko Ulaya kaskazini mtu mmoja hufungua mlango akataja jina la mwandishi, na dunia nzima inakimbilia vitabu vyake. Mwalimu na wenzake walikuwa na mchezo wa kukisia ni nani. Hawakuwekeana fedha, walikuwa wakiwekeana heshima, ambayo ni ghali zaidi.

"Mwaka huu hakuna ubishi," akaniambia. "Magazeti yote yanamtaja mtu mmoja."

"Hao wanaochagua wako wangapi, mwalimu?"

"Wachache tu. Wanakaa meza moja."

"Na huwa wanasema wanamfikiria nani?"

"Hapana. Ni siri kubwa."

"Basi huyo anayetajwa siye."

"Kwa nini?"

"Wewe ukija hapa kutafuta kamusi, kwanza unaniuliza bei ya nini?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Maana mwalimu huyu kila mara huanza na vitabu vya mapishi, na nyumbani kwake hata sufuria ni ya jirani.

Ndugu zangu, nyinyi ni watu wa soko, sina haja ya kuwafundisha. Mnunuzi haigusi nguo anayoitaka. Atashika ya jirani yake, ataisifu, ataikunja vibaya makusudi. Ile anayoitaka ataipita kwa jicho moja, kisha atairudia njia hiyohiyo kana kwamba amepotea. Na akikwambia ina tobo, ujue ameshaivaa moyoni. Anayelalamika yuko kwenye bei ya kwanza. Akinyamaza, amekubali. Sisi sote tumelelewa kwa sheria hiyo, nami nikaona hata wazee wa kule kwenye baridi ni wanunuzi kama wengine, makoti yao tu ndiyo mazito.

Nikamwambia mwalimu anisimulie waandishi wote anaowajua, nani alialikwa wapi, nani alisifiwa na nani, nani alisahauliwa ghafla. Nikamsikiliza nikiwa napanga vitabu. Mwisho nikamtaja mama mmoja wa nchi ya milima, mwandishi wa vitabu vyembamba, ambaye hakuna aliyekuwa akimzungumzia. Nikanunua vitabu vyake vyote nilivyoviona mjini. Alhamisi ikafika, saa saba ikafika, likatajwa jina la yule mama.

Mwaka wa pili nikamtaja mshairi mmoja aliyekuwa kimya siku nyingi kiasi kwamba mwalimu alibisha kuwa ameshakufa. Hakuwa amekufa. Alishinda.

Kuanzia hapo sikuwa tena muuza vitabu. Nikaitwa mama anayeona. Madereva wa Kiyovu wakawa wanashuka kwenye magari. Mmoja alitumwa na bosi wake akaniambia, "Mama, patron anauliza nani mwaka ujao." Nikamjibu, "Mwambie patron avae viatu aje mwenyewe." Akaja. Niwaambie ukweli, nililala vizuri sana usiku ule.

Lakini watu hawakuishia kwenye vitabu. Akaja mama kuniuliza kama mumewe aliyeko ng'ambo atarudi. Akaja kijana kuniuliza kuhusu mtihani. Ningesema sijui, nao wangerudi na njia zao. Sikusema. Nilimtazama mtu anavyouliza, nikajua jibu analolitaka na jibu analoliogopa, nikampa moja kati ya hayo. Ukiwa na majibu mawili tu, utapatia mara nyingi kuliko unavyostahili.

Siku moja binti mmoja akaja kunichukua nikamtazame baba yake mgonjwa. Nikaenda. Nikakaa kwenye kiti, nikamtazama mzee usoni kama ninavyotazama mgongo wa kitabu. Nilipotoka nikamwambia binti, "Hataiona mvua." Mzee akafariki mvua ikiwa bado. Baada ya mazishi binti akaniletea ndizi, kunishukuru, kwa sababu niliwapa nafasi ya kujiandaa.

Nilizila zile ndizi. Zilikuwa tamu. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Sasa nyumbani. Baba wa watoto ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njia ya Dar es Salaam. Mtoto wangu wa mwisho ni wa kike, wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne. Naye amezaliwa sokoni, anajua kupatana. Akitaka viatu, anaomba simu, ili nimkatalie simu nimnunulie viatu. Akisema amechoka kabisa, anataka kuepa kufua shuka moja. Kila kitu chake nikawa nakikata nusu kabla hajamaliza kusema. Tulikuwa tunacheka kwa hilo. Au nilikuwa nacheka mimi. Sikuwahi kumhesabu yeye.

Ikafika Alhamisi ya mwaka wa tatu.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamekaa chini, juu ya mabati ya soko, na taa zilikuwa zimewashwa mapema. Watu walianza kufika kibandani saa nne. Mwalimu alikuja na tai. Madereva watatu walikuja na simu za mabosi wao. Mimi nilikuwa nimeshataja jina langu wiki moja kabla, mwanamke wa kisiwani, na nilikuwa na vitabu vyake kumi na saba chini ya meza, vimefunikwa kwa kanga. Nilivihesabu, kumi na saba. Nikavihesabu tena.

Binti yangu akatokea katikati ya watu hao, na sare ya shule, ameshika tumbo.

"Mama, nimeomba ruhusa. Tumbo linaniuma."

"Leo mna nini shuleni?"

"Jaribio la hesabu. Lakini mama, linauma kweli."

Mnaona? Tobo kwenye nguo. Mtihani wa hesabu, na siku ambayo kibanda cha mama yake kina sherehe. Nikamtazama kwa lile jicho langu lililosifiwa mpaka Kiyovu, nikaona kila kitu, nikamjua mpaka mwisho wake.

"Kunywa maji. Kaa huko nyuma kwenye magunia. Ukitulia nitakununulia soda."

"Nilitapika njiani."

"Basi soda baridi."

Watu wakacheka. Mwalimu akasema, "Huyu mama hapatani na mtu, huyu anahukumu." Mtoto akaenda kukaa nyuma ya rafu, mahali ninapoweka magunia matupu. Nilimsikia analalamika kidogo, kwa sauti ya chini. Nikawa nahesabu malalamiko yake kama bei zinazoshuka. Kila moja lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Nikajisemea, anakaribia kukubali.

Kwenye saa sita nikachungulia. Alikuwa amejikunja, uso unameta kwa jasho, lakini macho yametulia.

"Vipi?"

"Haliumi tena, mama. Limeacha ghafla."

Ndugu zangu, nilifurahi. Si furaha ya mzazi, ilikuwa furaha ya muuzaji. Mnunuzi amenyamaza, biashara imekwisha, bei ni yangu. Nikampigapiga begani nikarudi mbele kwa watu wangu. Tangu siku ile sijawahi kukipenda kimya cha mtu yeyote.

Saa saba ikafika. Mvua ilikuwa imeanza, na juu ya mabati ilipiga hata hatukuisikia simu. Mwalimu akaibana sikioni, akainua mkono mmoja. Tukamtazama mdomo. Akalitaja jina.

Ilikuwa mwanamke wa kisiwani.

Wakanibeba, jamani. Mimi na uzito wangu huu. Madereva walikuwa wanapiga simu wote kwa pamoja, vitabu kumi na saba viliisha kabla sijaitoa kanga vizuri, na mtu mmoja ambaye sikumjua akanishika mkono akaupeleka kwenye paji la uso wake, kama vile mimi ni kaburi la walii. Nikauondoa mkono wangu, lakini sikuuondoa haraka.

Fundi cherehani jirani yangu hakuja kushangilia. Mwanamke huyu alikulia Burundi, ni mtu wa misa ya kwanza, na hajawahi kuniuliza nani atashinda chochote. Alikuwa amepita nyuma kuchukua uzi wake. Nikasikia cherehani yake haiendi. Kisha nikasikia ananiita, si kwa jina la mama anayeona, kwa jina la mtoto wangu, mama wa fulani.

"Kuja hapa."

"Subiri kidogo, nina watu."

"Watu watabaki. Kuja uguse huyu mtoto."

Nikaenda huku bado nacheka. Akachukua mkono wangu uleule uliokuwa umetoka kuwekwa kwenye paji la uso, akauweka juu ya tumbo la binti yangu. Lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia kitambaa. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Alinitazama, akajaribu kutabasamu.

"Umepata, mama?"

"Nimepata."

"Hongera."

Fundi akasema, "Tumbo iko ngumu, mwili iko moto, na wewe iko unacheza. Saa ngapi iliacha kuuma?"

"Saa sita."

"Ilikuwa inauma ngapi mbele ya hapo?"

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili. Hiyo sikuihesabu, kwa sababu sikuwa nimemuuliza.

Kwenye pikipiki asingeweza kukaa. Dereva mmoja wa Kiyovu, Mungu amlipe, hakumuuliza bosi wake, alisema tu "pakia", na tukapanda gari ambalo viti vyake vilinitisha kwa usafi. Fundi alikaa nyuma, kichwa cha mtoto mapajani mwake. Mimi nilikaa mbele nikitazama matone ya mvua kwenye kioo na nikikisia. Bado nilikuwa nakisia. Taa ikiwa kijani, atapona. Yule mtu mwenye mwavuli akivuka kabla yetu, hatapona. Akavuka.

Hospitali walimpeleka ndani mbiombio. Daktari alitoka akanieleza kwa maneno mafupi: kidole tumbo kilikuwa kimevimba, na saa ileile maumivu yalipoacha, kilikuwa kimepasuka. Usaha umesambaa tumboni. "Hiyo nafuu ndiyo ilikuwa hatari yenyewe," akasema. Wangempasua sasa hivi.

"Atapona?"

"Tutafanya kazi yetu, mama."

Nikamtazama usoni. Nikatafuta pale anapopita kwa jicho moja, pale anaporudi. Nikaona jibu. Nawaambia nililiona, wazi kama jina la mwandishi kwenye jalada, na lilikuwa jibu lilelile nililoliona kwa yule mzee wa ndizi. Nikamwambia fundi, "Mtoto wangu amekwenda. Nimeona."

Huyo mwanamke hakunifariji. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwake.

"Umeona nini, sha? Wewe uliona nini asubuhi?"

Nikautazama mkono wangu, ule aliouweka tumboni kwa mtoto.

"Leo umekosea mara moja. Omba Mungu umekosea mara mbili."

Tukakaa. Yeye na rozari yake, mimi na kile kidogo cha Qur'ani ninachokijua kwa moyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba niwe mjinga.

Walimpasua, na baada ya siku chache wakampasua tena kumsafisha. Kulikuwa na asubuhi ambazo kila mtu aliyevaa nguo nyeupe akipita, nilifumba macho nisimsome. Baba yake aligeuza lori mpakani akaja, akasimama mlangoni mwa wodi, hakuniuliza lolote. Mwenzenu nimegombezwa na watu wengi, lakini kutoulizwa ndiko kulikoniumiza.

Siku moja, mtoto akiwa ameshaanza kuongea, muuguzi akapita na swali lao la kila siku.

"Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi leo?"

Binti yangu akamtazama muuguzi, halafu akanitazama mimi.

"Kwako ni nne," akasema. "Kwa mama ni nane."

Muuguzi akacheka, akadhani ni homa. Mimi sikucheka. Mtoto wangu alikuwa na bei mbili za maumivu, moja ya watu, nyingine yangu mimi. Alikuwa ameshajua kwamba akitaka nisikie nne, lazima aseme nane.

Nikamuuliza, "Na ile Alhamisi? Mbona hukutaja kubwa?"

Akageuza uso ukutani. "Nilikuwa sina nguvu za kupatana, mama."

Ndugu zangu, mimi nimeanguka pale. Si sokoni, si ndani ya gari. Pale, kando ya kitanda, nimekaa kwenye kigoda na bakuli la uji mkononi. Na pale ndipo nilipoanza kuinuka, kwa sababu nilimwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mteja tangu nianze biashara. Nilimwambia, "Kuanzia leo, sema bei moja. Nitalipa hiyohiyo."

Hakuniamini. Angeniamini vipi? Ilichukua muda mrefu. Kila siku nilimuuliza, akasema, nikaamini, nikaenda kumwita muuguzi hata kwa mbili, hata kwa moja, mpaka muuguzi akawa ananikimbia. Siku moja akasema sita. Nikasimama. Akaniita, "Kaa, mama. Ni sita ya kweli, lakini nimeshapewa dawa." Nikakaa. Akaegemeza kichwa kwenye bega langu, akalala. Nikajua tumefanya biashara.

Sasa shukrani, maana dakika zangu nazihesabu na mwenyekiti naye anazihesabu. Nawashukuru nyinyi, mliofungua mfuko wa dharura bila kuniita kwenye kikao kunisomea sheria. Nawashukuru mlioleta chakula hospitali kwa zamu, na wewe uliyeleta maharage bila chumvi nimekusamehe. Namshukuru aliyeniuzia vitabu kibandani muda wote ule, aliyetoa kamusi kubwa kwa bei ya daftari. Tutaongea mimi na wewe, lakini si leo. Namshukuru dereva. Na wewe mwenye uzi, ambaye sikutaji, ambaye uligusa tumbo wakati mimi nagusa sifa: nikikulipa nitakuwa nimekutukana. Cherehani yako ikisimama hata kidogo, mimi naacha mteja nakuja kuangalia. Unajua.

Binti yangu amerudi shule. Ana kovu refu, anasema ni mstari wa kwanza wa kitabu chake. Jaribio la hesabu alilifanya baadaye akapata vibaya, kwa hiyo hata mimi sikukosea kila kitu.

Mwezi wa kumi unakaribia tena. Mwalimu ameshapita kibandani mara mbili, anashika vitabu vya mapishi. Juzi alishindwa kuvumilia akaniuliza, "Mwaka huu ni nani?" Nikamwambia sijui.

Nilimdanganya. Jina ninalo. Lilinijia lenyewe nikiwa napanga rafu, wazi kabisa, nami nikakumbuka ni nini kingine nilichokiona wazi hivyo Alhamisi ile, nikakosea. Nikaacha vitabu, nikampigia mwalimu mkuu wa shule simu, nikamwomba niongee na mtoto wangu. Akaletwa akikimbia.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna. Uko ngapi?"

"Sifuri."

Nikaipokea sifuri yangu, sikuikata, nikakata simu.

Basi ninachowaachia ni hiki, nacho hakipungui. Sokoni, punguzeni mpaka mwenye mali alie. Lakini mtu wako akikwambia inauma, lipa bei aliyoitaja. Na akinyamaza, nenda ukamguse.